Kuchaji gari la umeme kwenye kambi za RV, Marekani na Kanada: soketi, adapta na ampea za kuweka

WayaMtupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Maswali ya kuchaji gari kambini yametapakaa kwenye nyuzi tatu nne humu, na baadhi ya majibu ni ya kuunguza plagi. Nayaleta pamoja. Nazungumzia kambi za RV, zile nyumba za magurudumu, za Marekani na Kanada. Walioko Ulaya na nyumbani watajazia chini.

Kambi yenye umeme huwa na kisanduku kwenye nguzo katika kila nafasi ya kuegesha. Ukiinua mfuniko utakuta soketi moja, mbili au tatu, kila moja na breka yake.

14-50 ina matundu manne: fezi mbili, nyutro, ethi. Ni 240V, breka ya ampea 50.
TT-30 ina matundu matatu, mawili ya bapa yamekaa mshazari na la ethi ni la duara. Ni 120V, breka ya 30.
5-20 ni ile ya kawaida ya nyumbani, tundu moja lina umbo la T. Ni 120V, breka ya 20, na mara nyingi ina kitufe cha GFCI, kinga inayokata umeme ukivuja.

Wengi wanateleza kwenye TT-30. Wanaiona nene kama soketi ya mashine ya kukaushia nguo wanadhani ni 240V. Ni 120V tu, fezi moja.

Kuchaji kunakodumu kwa muda wa saa 3 au zaidi kunahesabiwa mzigo wa mfululizo, kwa hiyo unachukua asilimia 80 ya breka: 40 kwenye 50, 24 kwenye 30, 16 kwenye 20. Chaja za kubeba nyingi zinaishia ampea 32, kwa hiyo hata kwenye 14-50 ndiyo mwisho wako.

Kwa usiku wa saa 12: ampea 32 kwa 240V ni kilowati 7.7, uniti 92 kutoka ukutani. TT-30 kwa ampea 24 ni kilowati 2.9, uniti 34 na ushehe. 5-20 kwa ampea 16 ni uniti 23. Na plagi ya kawaida ya ampea 12 ni uniti 17. Zinazoingia kwenye betri ni pungufu ya hapo. Kwenye 240V unapoteza kama asilimia 10, kwenye 120V zaidi, kwa sababu kompyuta na pampu za gari zikiwa macho zinakula wati mia kadhaa hata kama umeme unaoingia ni kiduchu.

Mama_Zawadi_MN

Shukrani mkuu. Kambi niliyoshika nafasi ina 30 tu. Dukani kuna adapta ya TT-30 kwenda 14-50, ya RV, dola kumi na kitu. Chaja yangu ina plagi ya 14-50. Hiyo inatosha?

FundiNyaya

Dada, usiinunue hiyo. Haitaleta moto, ila haitachaji hata uniti moja.

Adapta ya RV imetengenezwa ili nyumba yenye plagi ya 50 ipate umeme kwenye soketi ya 30. Ndani yake ile fezi moja ya TT-30 imegawanywa kwenda kwenye pini zote mbili za fezi za 14-50. RV inafurahi, kwa sababu vifaa vyake vinapima kati ya fezi na nyutro, 120V. Chaja ya gari haigusi nyutro kabisa, inapima kati ya fezi na fezi. Fezi ni moja pande zote mbili, kwa hiyo inasoma 0V. Taa haiwaki, mtu anaanza kulaumu chaja.

Unayotaka ni adapta ya TT-30 iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la umeme. Hiyo inapeleka fezi kwenye pini moja ya 14-50 na nyutro kwenye pini ya pili, na tundu la nyutro linabaki tupu. Chaja inasoma 120V na kuanza kazi. Iandike kwa kalamu nene "GARI TU", kwa sababu mtu akiichomeka kwenye RV, volti zitagawanyika ovyo baina ya vifaa na vingine vinaweza kuharibika.

Kisha mambo mawili ambayo wauzaji hawasemi.

La kwanza: chaja yako ikiona kichwa cha 14-50 inaamini ipo kwenye breka ya 50. Itaomba ampea 32. Breka ya 30 inaweza kukatika baada ya muda, au isipokatika ndiyo mbaya zaidi, soketi inachemka. Lazima ushushe wewe hadi 24, kwenye skrini ya gari au kwenye kitufe cha chaja. Tesla hukumbuka ampea ulizoweka mahali hapo, lakini kambi mpya ni mahali papya, anza upya.

La pili: si kila chaja inakubali 120V kupitia plagi ya 14-50, nyingine zimetengenezwa kwa 240V pekee. Na si kila gari linakubali ampea 24 kwenye 120V. Baadhi ya magari yakiona 120V hayapiti ampea 12 au 16 hata chaja ikitoa zaidi. Ukiwa na gari la aina hiyo, adapta ya TT-30 itakupa zaidi kidogo tu kuliko plagi ya kawaida, au isiongeze kitu. Angalia kitabu cha gari kabla ya kutoa hela.

Mama_Zawadi_MN

Nimeelewa. Swali la nyongeza: kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anasema achukue 30 na 20 kwa pamoja, aunganishe apate 240V.

FundiNyaya

Visanduku vya kuunganisha soketi mbili hivyo vipo. Vinafanya kazi ikiwa tu soketi mbili ziko kwenye fezi tofauti na ile ya 20 haina GFCI. Siku hizi ya 20 kambini inatakiwa kuwa na GFCI, na GFCI ikiona umeme unatoka kwenye soketi moja na kurudi kwenye nyingine inakata hapo hapo. Mwambie ahifadhi pesa yake.

Kibao_Texas

Mimi naona uzi unatia watu woga bure. Nafasi imeandikwa ampea 50, nimelipia ampea 50. Chomeka, weka 32, lala.

WayaMtupu

Mkuu Kibao, breka ni ya 50, sikatai. Ila waya unaoleta umeme kwenye nguzo haukuhesabiwa hivyo.

Mwongozo wa umeme wa Marekani, NEC, kifungu cha 551, unamruhusu mjenzi wa kambi ahesabu kila nafasi ya 50 kuwa VA 12,000 (VA ni volti mara ampea), kisha azidishe kwa kipunguzo kulingana na idadi ya nafasi. Nafasi moja ni asilimia 100. Kumi hadi kumi na mbili ni asilimia 50. Kuanzia 36 kwenda juu ni asilimia 41. Chukua kambi ya nafasi 40 za ampea 50: 12,000 mara 40 mara 0.41 ni VA 196,800. Gawa kwa 40, kila mmoja ana VA 4,920. Kwa 240V hiyo ni ampea 20 na nusu. Kambi za zamani zilihesabiwa kwa VA 9,600 kwa nafasi, kwa hiyo fungu lako pale ni ampea 16 hivi.

Hesabu hiyo si wizi. RV haitumii ampea 50 mfululizo. Kiyoyozi kinawaka na kuzima, jiko la maikrowevu ni dakika tatu. Gari la umeme ndilo pekee linalovuta ampea zile zile saa nane bila kupumzika, na magari yote yanaanza saa moja jioni, saa ile ile viyoyozi vinapofanya kazi na watu wanapika. Nguzo nyingi zimeunganishwa mnyororo, waya unatoka nguzo hii kwenda ile, kwa hiyo ukivuta sana volti zinashuka kwa jirani aliye mwisho wa mstari. Kiyoyozi chake kikipata 105V badala ya 120V ndipo kompresa yake inapoanza kuteseka.

Binafsi naweka 20 hadi 24 kwenye 14-50, na napanga ianze saa nne usiku. Ampea 24 kwa saa 8 ni uniti 46. Hizo zinatosha kilomita 220 hivi kwa gari la kawaida. Nani anahitaji zaidi ya hapo kila siku akiwa amepiga kambi?

Kibao_Texas

Hesabu imeeleweka. Ila 240V yako ni ya kubahatisha pia, kambi nyingi za mijini zinasoma 208V.

WayaMtupu

Kweli kabisa. Zinazolishwa na umeme wa fezi tatu zinakupa 208V kati ya fezi mbili. Ampea 32 hapo ni kilowati 6.7. Si hitilafu, msianze kumpigia simu meneja.

Chogo_wa_Alberta

Niweke utaratibu wa kuchomeka, maana hapo ndipo vitu vinapoungua.

Kabla ya kushusha begi, fungua kisanduku utazame. Plastiki ikiwa na rangi ya kahawia kuzunguka tundu, ikiwa imepinda, au ukisikia harufu ya samaki aliyeoza (plastiki za umeme zikiungua hunuka hivyo), omba nafasi nyingine. Soketi za kambi zinachomekwa na kuchomolewa mara mamia kila msimu, vibano vya ndani vinalegea. Plagi ikiingia bila kusukumwa, hiyo soketi imechoka. RV inaweza kuivumilia. Gari la umeme usiku mzima litaiyeyusha.

Zima breka. Ukiwa na mita ya volti, washa breka upime: kwenye TT-30 fezi kwa nyutro 120, fezi kwa ethi 120, nyutro kwa ethi karibu na 0. Kwenye 14-50 fezi kwa fezi 240 au 208, kila fezi kwa nyutro 120. Nyutro kwa ethi ikisoma volti nyingi au fezi kwa ethi isome 0, ethi imekatika au nyaya zimebadilishana, na chaja inaweza kugoma. Zima tena, chomeka, sukuma hadi mwisho, washa breka, halafu ndipo upeleke bunduki (kichwa cha chaja kinachoingia kwenye gari) kwenye gari.

Anza na ampea 6 au 8. Soma volti kwenye skrini ya gari. Panda hadi unazotaka, usome tena. Zikishuka zaidi ya asilimia 5, mathalani kutoka 120 hadi chini ya 114, au 240 hadi chini ya 228, rudi chini hadi zitulie. Baada ya nusu saa, shika plagi kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuacha kiganja hapo, simamisha.

Kuchomoa ni kinyume: simamisha kwenye gari, toa bunduki, zima breka, chomoa plagi. Usivute plagi yenye mzigo, cheche ndizo zinazokula shaba.

Na kile kisanduku cha chaja kisining'inie kwa uzito wake kwenye soketi. Kifunge na kamba kwenye nguzo. Kisilale chini pia, mvua ya saa tisa usiku haikuulizi.

Mama_Zawadi_MN

Waya wa chaja hautafika. Ekstensheni ipi?

Chogo_wa_Alberta

Kwanza jaribu kugeuza gari, ingia kwa kinyumenyume au kwa kichwa kulingana na upande wa tundu la kuchajia. Tatizo la ekstensheni nyingi huisha hapo.

Ikishindikana, nunua ya RV. Ya ampea 30 ni waya namba 10. Ya ampea 50 ina namba 6 kwa fezi na nyutro. Namba ikiwa ndogo waya ni mnene, msichanganye. Ile ya rangi ya chungwa ya kukatia majani, namba 16, isiguse gari hata kwa ampea 12. Kwa plagi ya kawaida tumia namba 12, isizidi mita 15. Na ikunjue yote. Ekstensheni iliyobaki kwenye gurudumu lake inajipika.

Kama unataka mpangilio salama zaidi: ekstensheni ya RV iunganishwe na soketi kwanza, kisha adapta, kisha chaja. Maungio yote yakae juu ya kitu kikavu.

Simba_Ohio

GFCI ya 5-20 inakatika kila baada ya dakika kadhaa. Gari ni zima, chaja ni nzima.

FundiNyaya

GFCI inakata kwa miliampea 5 hivi za kuvuja. Chaja nayo ina ulinzi wake wa ndani, na wakati wa kuanza hujipima kwa kuvujisha kidogo makusudi kuelekea ethi. Ukiongeza unyevu kwenye soketi, au ekstensheni ndefu, jumla inafika. Kausha plagi, ondoa ekstensheni, jaribu tena. Ikiendelea, hamia TT-30, hiyo kwa kawaida haina GFCI na chaja inabaki na ulinzi wake. Ila kama RV yako ndiyo iko kwenye 50 au 30 na gari kwenye 20, kumbuka vyote vinakula waya mmoja wa nguzo. Kiyoyozi kikiwaka, shusha gari hadi 8 au 10.

Mtoro_wa_Leeds

Kwa walioko Uingereza na Ulaya bara: soketi ni ile ya bluu ya CEE, 230V, fezi moja. Ukubwa wake ni 16 lakini breka iliyo nyuma inaweza kuwa 16, 10, au hata 6. Soma kibandiko cha nguzo, usisome soketi. Ampea 10 ni kilowati 2.3. Magari mengi hayawezi kuchaji chini ya ampea 6, ndicho kiwango cha chini cha mawasiliano ya chaja, kwa hiyo kwenye nguzo ya 6 gari linachukua kila kitu na birika likiwashwa umeme unakatika. Kambi nyingi Uingereza zinakataza kuchaji kwenye nguzo ya hema au karavani na baadhi zina chaja zao za kulipia, soma masharti.

Ufaransa na kusini zaidi utakutana na fezi na nyutro zimebadilishana nafasi. Magari mengi hayajali, machache hugoma, na yale yanayochagua sana ethi yatagoma zaidi. Watu hubeba kipande kifupi cha waya wa CEE kilichogeuzwa, kimeandikwa wazi. Kigeuzwe na fundi, na kitumike tu baada ya kupima.

Kempu_Naivasha

Salamu kutoka Kenya. Kambi za huku nyingi ni 240V ya soketi za pini tatu, na porini ni sola na jenereta. Nissan Leaf, gari la umeme la kutoka Japani, inachajika?

FundiNyaya

Inachajika, taratibu. Kwanza soma kibandiko cha chaja iliyokuja na gari. Kikisema 100V au 120V pekee usiichomeke kwenye 240V, itakufa palepale. Tafuta yenye maandishi ya 230 au 240 na kichwa cha Type 1, aina inayoingia kwenye Leaf hiyo.

Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya 13, lakini 13 mfululizo usiku mzima inaipika. Weka 8 au 10. Ampea 8 ni kilowati 1.9.

Sola: muulize mwenye kambi ukubwa wa inverta na betri, si idadi ya paneli. Benki ya uniti 10 ikivutwa ampea 6 usiku inakauka kwa saa 7, na friji ya jikoni inazima nayo. Chaji kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa limesimama. Inverta ya bei nafuu isiyotoa wimbi safi, chaja nyingi zitaikataa.

Jenereta ndogo ya kubeba: nyutro yake haijafungwa na ethi, kwa hiyo chaja inaona hakuna ethi na inawasha taa nyekundu. Dawa ni plagi inayounganisha nyutro na ethi, ichomekwe kwenye soketi ya pili ya jenereta hiyo hiyo. Usiitumie kamwe jenereta ikiwa imeunganishwa na nyaya za kambi. Na piga hesabu: lita 1 ya petroli inatoa uniti 1.5 hivi, Leaf itaenda kilomita 8. Pikipiki ingekwenda mbali kuliko hapo.

Simba_Ohio

Hifadhi za taifa je? Tunapanga Yosemite, Grand Canyon na Yellowstone.

WayaMtupu

Kambi za bonde la Yosemite hazina soketi za RV kabisa. Jaza kabla ya kupanda. Grand Canyon upande wa kusini, kambi ya Trailer Village ina umeme kwenye nafasi zake, kambi ya Mather iliyo jirani haina. Yellowstone yenye soketi ni kambi ya Fishing Bridge peke yake, na hapo mahema hayaruhusiwi kwa sababu ya dubu, ni magari yenye kuta ngumu tu. Mwenye hema asishike nafasi pale kwa ajili ya soketi.

Ukiwa unalala ndani ya gari, kumbuka Tesla huzima hali ya kambi betri ikifika asilimia 20. Na usiku wa baridi kali kwenye plagi ya ampea 12, hita ya kabati na ya betri zinaweza kumeza yote. Unaamka asilimia ni ile ile. Kwenye barafu chukua TT-30 angalau.

Kibao_Texas

Na malipo? Nimeona kambi zinazoweka ada ya gari.

WayaMtupu

Sema unapopiga simu kushika nafasi: "nina gari la umeme, nitachaji usiku kwa ampea 24, mna masharti gani?" Ukitaja ampea meneja anajua unaelewa unachofanya. Zipo zinazokataa, zinazoongeza dola kadhaa, na zenye mita kwenye nguzo. Uniti 46 kwa senti 15 ni dola 6.90, kwa hiyo ada ya dola 10 si ya kugombania. Ila usiende kuchomeka kwenye nafasi tupu ya mtu mwingine kwa saa mbili bila kulipia, ndiyo inayofanya wenye kambi waandike mabango ya kukataza.

Mama_Zawadi_MN

Nimepata adapta ya gari ya TT-30, na chaja yangu ina kitufe: 16, 24, 32, 40. Nikiweka 24 kwenye chaja bado nishushe na kwenye gari?

FundiNyaya

Ukishaweka 24 kwenye chaja gari haliwezi kuomba zaidi, inatosha. Ila chaja nyingi zinakubali kubadilishwa kabla tu ya kuingizwa kwenye gari, na nyingine zikikosa umeme zinarudi kwenye kiwango cha juu. Breka ikikatika usiku na meneja akaiwasha, unaweza kuwa kwenye 40 bila kujua. Jaribu nyumbani: weka 24, zima breka, washa, uangalie imesimama wapi. Ikirudi juu, weka 24 na kwenye gari pia.